Jinsi ya kusoma utafiti wa kinga na tiba: tafuta kwanza namba nne

Kichwa cha habari kikisema dawa fulani "inapunguza vifo kwa theluthi moja", bado hujaambiwa jambo unaloweza kulitumia. Theluthi ya vifo vingapi? Kati ya watu wangapi? Wakilinganishwa na nani, na kwa muda gani? Majibu yamo ndani ya utafiti wenyewe, na kuyapata hakuhitaji shahada ya udaktari. Kunahitaji kalamu, kikokotoo cha simu na subira ya kama nusu saa.

Namba za kutafuta ni nne: watu wangapi walipewa tiba, wangapi kati yao walipatwa na jambo lililokuwa likipimwa (kifo, maambukizi, kulazwa), watu wangapi hawakupewa tiba hiyo, na wangapi kati ya hao walipatwa na jambo lilelile. Karibu kila kitu kingine katika mwongozo huu ni njia ya kuzipata namba hizo, kuzipiga hesabu, au kujua kama zinaaminika.

Kuupata utafiti wenyewe

Ujumbe uliosambazwa kwenye simu si utafiti, na taarifa ya gazeti si utafiti pia. Humo chukua jina la jarida, mwaka, na jina la dawa au ugonjwa, kisha yaandike kwenye PubMed, kanzidata ya bure ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Kama kuna namba ya DOI (kitambulisho cha makala mtandaoni), ile inayoanza na 10 ikifuatwa na nukta, iandike baada ya doi.org/ na utafika moja kwa moja. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, husomwa bure, na makala nyingi kamili zimo PubMed Central. Kama makala imefungwa, uliza maktaba ya chuo au hospitali: taasisi nyingi za nchi za kipato cha chini zina njia ya kuingia kupitia mpango wa Research4Life.

Kabla hujasoma zaidi, hakikisha mambo matatu. Kwanza, je, walichunguzwa watu? Dawa inayoua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara haijatibu mtu yeyote. Hata chumvi nyingi au jiki huua seli hizo. Pili, je, ni andiko la awali ambalo halijahakikiwa na wataalamu wengine? Maandiko hayo hukaa kwenye tovuti kama medRxiv, na onyo huwekwa juu ya ukurasa. Uhakiki nao una mipaka yake, kwa sababu wahakiki husoma makala tu, hawarudii utafiti. Tatu, je, makala imefutwa na jarida? Makala ya mwaka 1998 katika Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilikuwa na watoto 12 tu, bila kundi la kulinganishia. Jarida liliifuta mwaka 2010, na hadi leo bado inasambazwa kama ushahidi. PubMed huweka tangazo la wazi juu ya makala iliyofutwa. Litazame kila mara.

Andika swali kwa sentensi moja

Chukua karatasi uandike: kwa wagonjwa wa aina gani, tiba gani, badala ya nini, ilibadilisha nini, ndani ya muda gani. Ukishindwa kujaza sehemu yoyote, rudi kwenye sehemu ya mbinu (Methods). Usirukie hitimisho, kwa kuwa hapo ndipo waandishi huongeza chumvi zaidi.

Tutumie mfano halisi. Katika jaribio la RECOVERY lililofanyika Uingereza mwaka 2020, wagonjwa waliolazwa kwa UVIKO-19 walipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi, miligramu 6 mara moja kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, pamoja na huduma ya kawaida. Walilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida peke yake, na kilichohesabiwa ni vifo ndani ya siku 28. Sentensi imekamilika. Namba nne ni hizi: kati ya 2,104 waliopewa dawa walikufa 482, kati ya 4,321 ambao hawakupewa walikufa 1,110.

Piga hesabu

Gawanya 482 kwa 2,104: asilimia 22.9. Gawanya 1,110 kwa 4,321: asilimia 25.7. Toa moja kwenye nyingine: 2.8. Hiyo ndiyo tofauti halisi, yaani karibu vifo 3 pungufu katika kila wagonjwa 100. Sasa gawanya 100 kwa 2.8, upate 36. Ilibidi kutibu wagonjwa kama 36 ili mmoja aliyekuwa afe anusurike.

Ukigawanya 22.9 kwa 25.7 unapata 0.89, lakini makala yenyewe inaandika 0.83. Usidhani umekosea. Watafiti walirekebisha hesabu kwa umri, kwa sababu makundi yalitofautiana kidogo kwa miaka. Marekebisho ya namna hiyo ni halali yakielezwa wazi. Yakiwa mengi na hayakupangwa tangu mwanzo, kuwa na shaka.

Sasa uone kwa nini tofauti halisi na punguzo la kulinganisha (hatari imepungua kwa sehemu gani ya ile ya wasiotibiwa) hutoa picha mbili za jambo moja. Jaribio la tohara ya wanaume lililofanyika Kisumu, likachapishwa mwaka 2007, lilionyesha kwamba katika miaka miwili walioambukizwa VVU walikuwa asilimia 2.1 ya waliotahiriwa na asilimia 4.2 ya wasiotahiriwa. Mwandishi mmoja atasema "tohara hupunguza hatari kwa nusu". Mwingine atasema "iliwakinga wanaume 2 kati ya 100". Wote wamesema kweli. Kosa ni la msomaji anayesikia "nusu" akadhani nusu ya waliotahiriwa wamekingwa kabisa na kondomu hazihitajiki tena. Kosa la upande wa pili ni kudharau hao 2: tohara hufanywa mara moja na kinga yake huendelea miaka mingi baada ya utafiti kwisha, kwa hiyo faida huongezeka kadiri muda unavyopita. Ndiyo sababu muda lazima uandikwe pembeni ya kila asilimia.

Je, makundi yalifanana tangu mwanzo?

Hapa ndipo tafiti nyingi huanguka, na hapa ndipo unapaswa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Namba nne zina maana pale tu ambapo tofauti pekee kati ya makundi mawili ni tiba. Njia bora ya kufika hapo ni kugawa watu kwa bahati nasibu, ili mgonjwa mwenye nguvu na aliye dhaifu, tajiri na maskini, wawe na nafasi sawa ya kuangukia upande wowote. Neno la kutafuta katika sehemu ya mbinu ni mgawanyo wa nasibu (kwa Kiingereza, randomised). Kisha tazama ulifanywaje. Kugawa kwa siku ya juma, au kwa namba ya faili kuwa shufwa au witiri, si nasibu, kwa sababu mpokeaji wa wagonjwa anajua anayefuata atapata nini na anaweza kumwelekeza amtakaye. Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, lilitumia bahasha zilizofungwa kwa sababu hiyohiyo. Waliosoma picha za eksirei nao hawakujua mgonjwa yupo kundi gani. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 waliopumzika kitandani tu. Lakini bakteria wa wagonjwa wengi walijenga usugu, na baadaye faida ikapungua. Tiba ya leo ya dawa kadhaa kwa pamoja imetokana na funzo hilo.

Baada ya mgawanyo, tafuta kama wagonjwa na wapimaji walifichwa nani anapata nini. Hapo ndipo plasebo inapotumika: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina kiambato chake. (Wengine huita "dawa bandia", neno ambalo tunaliepuka kwa kuwa dawa bandia ni bidhaa ya udanganyifu sokoni, jambo tofauti kabisa.) Kama kinachopimwa ni maumivu, usingizi au hamu ya kula, kutofichwa huharibu matokeo. Kama kinachopimwa ni kifo, madhara yake ni madogo. RECOVERY haikutumia plasebo na matokeo yake yanaheshimika.

Jedwali la 1 huonyesha umri, jinsia na ukali wa ugonjwa katika kila kundi mwanzoni. Linganisha safu kwa safu. Kisha tafuta mchoro wa mtiririko wa washiriki: wangapi walianza, wangapi walipotea njiani, na kutoka kundi gani. Wakipotea watu wengi kuliko waliopatwa na tukio linalohesabiwa, hitimisho linaning'inia hewani. Tazama pia kama kila mtu alihesabiwa katika kundi alilopangiwa hata kama aliacha dawa. Ukiwaondoa walioacha, mara nyingi umewaondoa waliodhurika.

Je, kama hakukuwa na mgawanyo wa nasibu? Watu wanaochagua tiba wenyewe hutofautiana na wasioichagua. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia, zinazotazama watu bila kuwagawa, zilionyesha kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walipata ugonjwa wa moyo mara chache. Kumbe wengi wao walikuwa na kipato kizuri, hawakuvuta sigara na walimuona daktari mara kwa mara. Jaribio la nasibu la Women's Health Initiative, lenye wanawake 16,608, lilitoa matokeo mwaka 2002: estrojeni pamoja na projestini ziliongeza matukio 7 ya ugonjwa wa moyo, viharusi 8 na saratani za matiti 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, huku zikipunguza mivunjiko 5 ya nyonga.

Hata hivyo tusitupe tafiti za kufuatilia zote. Hakuna mtu anayeweza kuwagawa watu kwa bahati nasibu wavute sigara miaka 30. Ushahidi dhidi ya sigara ulijengwa kwa kufuatilia, ukiwemo ule wa madaktari wa Uingereza ulioanza mwaka 1951. Tunauamini kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno, iliongezeka kwa kila sigara ya ziada, ikapungua kwa walioacha, na ikarudiwa katika nchi nyingi. Tofauti ndogo isiyo na sifa hizo, mathalani chakula kinachosemwa kupunguza saratani kwa asilimia 10, haistahili imani hiyo.

Maelezo mazuri hayatoshi

Watu wengi huridhika wakieleweshwa jinsi tiba inavyofanya kazi mwilini. Ni kosa lenye gharama ya maisha. Mtoto mwenye maambukizi makali na mzunguko dhaifu wa damu alionekana wazi kuhitaji maji mengi ya mishipa kwa haraka. Mantiki haikuwa na dosari. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, lilijaribu hilo kwa watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (protini ya damu) kwa kasi, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na asilimia 7.3 ya waliopewa maji ya kawaida ya matunzo tu. Piga hesabu uliyojifunza: tofauti ni kama 3.3, hivyo kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 30. Utafiti ulisitishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Kwa sababu hiyo, ukisoma kwamba kitu "huimarisha kinga" au "husafisha damu", uliza tu: wangapi waliugua upande huu, wangapi upande ule?

Kilichopimwa ni kitu gani?

Kipimo cha maabara kubadilika si sawa na mgonjwa kupona. Baada ya shambulio la moyo, mapigo yasiyo na mpangilio huashiria hatari ya kifo, na dawa za enkainidi na flekainidi zilituliza mapigo hayo vizuri. Madaktari walizitumia kwa matumaini. Jaribio la CAST, lililotoa ripoti kamili mwaka 1991, lilihesabu vifo vyenyewe: 63 kati ya 755 waliopewa dawa, na 26 kati ya 743 waliopewa plasebo. Kipimo kilipendeza huku watu wakifa.

Uliza basi: je, wamehesabu kifo, kiharusi, kulazwa, maumivu, uwezo wa kutembea? Au ni namba ya damu tu? Shinikizo la damu na wingi wa virusi vya VVU ni vipimo vilivyothibitika kufuatana na afya ya mgonjwa. Vingine vingi havijathibitika.

Jihadhari pia na matokeo yaliyofungwa furushi moja, kwa mfano "kifo au shambulio la moyo au kulazwa". Fungua furushi. Mara nyingi faida yote imetokana na kulazwa, na vifo havikubadilika. Kisha tafuta namba ya usajili wa jaribio (huanza na NCT, ISRCTN au PACTR) uangalie kwenye rejista watafiti walisema watapima nini kabla ya kuanza. Kama kilichotangazwa mwisho si kilichoahidiwa mwanzo, punguza imani yako kwa kiasi kikubwa.

Mipaka ya uhakika

Namba moja haitoshi. Tazama mipaka iliyo kwenye mabano, kwa kawaida ya asilimia 95: ni eneo ambamo thamani ya kweli inakadiriwa kuwemo. Kwa uwiano, yaani hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa ya jingine, 1 maana yake ni hakuna tofauti. Uwiano wa RECOVERY ni 0.83, mipaka 0.75 hadi 0.93: yote iko chini ya 1, hivyo faida ni ya kuaminika, ingawa ukubwa wake unaweza kuwa robo au chini ya moja ya kumi. Mipaka ikiwa na 1 katikati yake, usisome "haifanyi kazi". Soma ncha zote mbili. Kama ni 0.50 hadi 1.60, utafiti haujui lolote. Kama ni 0.97 hadi 1.04, umetuambia kwa uhakika mkubwa kwamba tofauti, kama ipo, ni ndogo mno.

Ile thamani ya p (kipimo cha jinsi bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kama hiyo) chini ya 0.05 inayoshangiliwa haisemi faida ni kubwa. Utafiti wa watu 50,000 unaweza kuonyesha p ndogo sana kwa tofauti isiyomsaidia mgonjwa yeyote kwa namna atakayoihisi.

Vikundi vidogo ndani ya utafiti

"Haikusaidia kwa jumla, lakini iliwasaidia wanawake wa chini ya miaka 50." Sentensi kama hii ikusimamishe. Ukifanya ulinganisho 20 wa vitu visivyo na tofauti yoyote, uwezekano wa angalau mmoja kuonekana "umefaulu" ni kama asilimia 64. Watafiti wa ISIS-2, jaribio la mwaka 1988 la wagonjwa 17,187 lililothibitisha kwamba aspirini huokoa maisha baada ya shambulio la moyo, waliwagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa ili kuonya. Aspirini ilionekana kutowafaa wenye nyota ya Mapacha na Mizani. Ilikuwa bahati tupu.

Zipo lakini tofauti za kweli. Katika RECOVERY, waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walikufa asilimia 29.3 wakipata dawa na 41.4 bila dawa: mmoja aliokolewa kwa kila 8. Wasiohitaji oksijeni walikufa asilimia 17.8 wakipata dawa na 14.0 bila dawa, yaani hakukuwa na dalili ya faida na pengine kulikuwa na madhara. Kikundi hiki kinaaminika kwa sababu kilipangwa mapema, faida ilipanda hatua kwa hatua pamoja na ukali wa ugonjwa, na namba zilikuwa kubwa. Ndiyo maana kumeza deksamethasoni nyumbani kwa kikohozi chepesi ni kuutumia utafiti huu kinyume chake.

Madhara

Pitia namba nne upya, safari hii kwa madhara. "Hakuna aliyedhurika" hutegemea walikuwa wangapi: gawanya 3 kwa idadi ya washiriki. Kama 300 walitumia dawa bila tatizo, hatari ya kweli bado inaweza kufikia 1 kwa 100. Madhara ya mmoja kwa 10,000 huonekana tu dawa ikishasambaa kwa umma.

Kinga ina mitego yake

Chukua mfano wa kufikirika. Watu 10,000, ambao 9,000 wamechanjwa. Wasiochanjwa huugua 10 kwa 100, na chanjo hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 80. Wasiochanjwa watakaougua ni 100. Waliochanjwa ni 180. Wagonjwa wengi wamechanjwa, na bado chanjo imefanya kazi yake barabara. Anayekuonyesha hesabu ya wagonjwa waliolazwa bila kukuambia idadi ya watu waliochanjwa amekupa namba mbili tu kati ya nne.

Uchunguzi wa mapema una mtego mwingine. Mtu atakayefariki akiwa na miaka 66 akigundulika na 64 ameishi miaka 2 na ugonjwa. Akigundulika na 60 ameishi miaka 6. Siku ya kifo haikusogea hata kidogo. Kwa hiyo usilinganishe "walioishi miaka mitano baada ya kugundulika"; dai vifo katika kundi zima lililoalikwa kupimwa na lile ambalo halikualikwa.

Utafiti mmoja haukamilishi jambo

Tafuta mapitio ya kimfumo, yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, hasa ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa watafiti), ambayo huwa na muhtasari kwa lugha nyepesi. Mapitio mazuri hueleza yalitafuta wapi, yaliacha nini, na hupima uhakika wa ushahidi kwa ngazi nne za GRADE: wa juu, wa wastani, wa chini, wa chini sana. Mapitio ya tafiti mbovu 20 bado ni ubovu uliojumlishwa. Angalia nani alilipia, na kama tafiti ndogo zenye matokeo mabaya zimekosekana, kwani nyingi huwa hazichapishwi.

Kuzileta namba kwako

Punguzo la kulinganisha mara nyingi hukaribiana kwa watu wengi. Hatari ya kuanzia haifanani. Tuseme dawa hupunguza kiharusi kwa robo. Mwenye hatari ya 20 kwa 100 katika miaka kumi hushuka hadi 15: hutibiwa watu 20 ili mmoja akingwe. Mwenye hatari ya 2 hushuka hadi 1.5: hutibiwa watu 200, na wote 200 hubeba madhara na gharama. Kisha ujilinganishe na washiriki: umri, mimba, figo, ini, dawa nyingine unazotumia. Kama watu wa hali yako walizuiwa kushiriki, makala imekuambia machache kukuhusu.

Nenda kwa daktari ukiwa na ile karatasi yako: sentensi ya swali, namba nne, muda, na madhara. Muulize hatari yako ya kuanzia ni ngapi kwa 100, itakuwa ngapi ukitumia tiba, kuna njia gani nyingine, na itakuwaje mkisubiri miezi mitatu. Dawa uliyokwisha andikiwa usiisimamishe kabla ya mazungumzo hayo. Nyingine, kama za shinikizo la damu, kifafa na steroidi za muda mrefu, hudhuru zikikatwa ghafla.